Umefuata raba Jinjiang? Tenga siku mbili uitembee Quanzhou

Ukiweka oda ya sampuli kiwandani Chendai, mji mdogo wa viwanda vya viatu huku Jinjiang, China, utaambiwa usubiri. Mkata ngozi atasema kesho, mshonaji atasema keshokutwa, na kalibu ya namba unayoitaka imeazimwa na jirani. Wenzangu wengi wa Kariakoo hukaa hotelini wakichati, au hupanda treni kurudi Guangzhou kufukuzia mikoba. Mimi nawaambia kitu kingine. Kiutawala Jinjiang iko chini ya Quanzhou, na kutoka pale unapochagulia soli hadi katikati ya mji wa kale ni mwendo wa teksi, hata saa moja haifiki kama barabara haina foleni.

Huo ndio mji ambao Waarabu waliuita Zaitun. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na alipofika Quanzhou miaka ya 1340 alisema bandari yake ni miongoni mwa zilizo kubwa kabisa duniani, kisha akajisahihisha: pengine ni kubwa kuliko zote. Aliziona merikebu kubwa kama mia, na vyombo vidogo havikuhesabika. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia, ukiwa na maeneo 22 yaliyotawanyika mjini, milimani na vijijini.

Hayo 22 usijaribu kuyamaliza. Nitakuelekeza njia ninayopita mimi na ninayowapitisha wageni wangu, na ina sharti moja: usianzie Xijie, yaani Mtaa wa Magharibi. Watalii wa Kichina wote wanaanzia pale, maua kichwani, kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Ukianzia huko utarudi nyumbani useme Quanzhou ni mtaa wa vitafunio wenye hekalu nyuma yake. Anza na mawe. Ukishayajua mawe, mji wote unafunguka.

Kabla hujaondoka Chendai

Kwanza majira. Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi mizuri, jua lipo na jasho halipo. Julai hadi Septemba kuna joto la kukata pumzi na vimbunga vya bahari, na kimbunga kikitangazwa treni husimama. Aprili kuna maonyesho ya viatu Jinjiang, kwa hiyo vyumba vinapanda bei na kujaa. Kama ndicho kilichokuleta, weka chumba mapema.

Chumba chukua ndani ya mji wa kale, karibu na Mtaa wa Zhongshan au Mtaa wa Tumen. Hoteli ndogo nyingine hazijazoea kuandikisha pasi za wageni, kwa hiyo mwambie wakala wako apige simu kwanza na kuuliza. Ni dakika mbili tu, na zinakuokoa usiku wa kuburuta begi vichochoroni.

Vituo vya treni vinachanganya. Kuna Quanzhou, Quanzhou Dong, Quanzhou Nan na Jinjiang, vyote na reli za mwendokasi, na kimoja kiko mbali na kingine. Kabla hujalipa tiketi soma jina lote. Quanzhou Nan kiko upande wa Jinjiang, kinawafaa wenye mzigo. Kwa kwenda mji wa kale shuka Quanzhou au Quanzhou Dong. Kutoka Xiamen ni kama nusu saa. Tiketi ni pasi yako yenyewe, kwa hiyo pasi isikae chini ya begi.

Weka Alipay au WeChat na kadi ya benki yako tangu nyumbani, na programu ya ramani ya Gaode. Ramani tulizozizoea sisi zinakosea mitaa huku. Mji hauna treni ya chini ya ardhi, lakini mji wa kale una vibasi vidogo vyeupe vya umeme vinavyozunguka polepole kwa nauli ndogo sana. Wazee wanavipanda na vikapu vya sokoni. Panda navyo, utaona mengi kuliko kwenye teksi.

Mawe kwanza

Makumbusho ya Bahari yako kando ya ziwa Donghu, mashariki ya mji wa kale. Kuingia ni bure ukionyesha pasi. Jumatatu yamefungwa. Ndani kuna kumbi nyingi za mifano ya vyombo. Zipite haraka, uende moja kwa moja kwenye ukumbi wa mawe ya dini.

Hapo simama. Mbele yako kuna mawe ya makaburi ya Kiislamu yaliyochongwa Kiarabu hapahapa Quanzhou, mengi ya karne ya 13 na 14. Kama ulisoma madrasa, hata kama herufi zimekutoka kichwani, utajikuta unasoma. Majina yanabeba miji: Isfahan, Tabriz, Bukhara, Khwarazm, Shiraz. Na kwenye mengi yao imechongwa kauli moja ileile: aliyekufa ugenini amekufa shahidi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye nyumba ambayo babu mmoja aliondoka na chombo asirudi. Pale huwa sina haraka, na wageni wangu wakianza kuangalia saa nawaambia wakanisubiri kwenye mgahawa.

Ukigeuka kidogo unakuta misalaba. Ni ya Wakristo waliokuja kwa njia ya Uajemi na Asia ya Kati: msalaba umekaa juu ya ua la yungiyungi, pembeni malaika wenye mabawa na sura za Kichina. Mbele zaidi kuna michongo ya Wahindu, miungu na tembo, iliyotoka kwenye hekalu la wafanyabiashara wa Kitamil. Kuna hata maandishi ya Kitamil ya mwaka 1281. Wote hao walikuwa mji mmoja, kwa wakati mmoja, wakigombea bei ya pilipili manga.

Mawe hayo yameokolewa, na namna yalivyookolewa ndiyo inayoufanya ukumbi huu uwe na maana. Miaka ya 1357 hadi 1366 kulikuwa na vita vikali hapa, vikosi vya Waajemi vikiwa katikati yake, na vilipokwisha wageni walilipiziwa kisasi. Utawala wa Wamongolia ukaanguka, misikiti na makaburi yakavunjwa, mawe yake yakachukuliwa kujengea kuta za mji. Yakakaa ndani ya kuta zaidi ya miaka mia tano. Karne ya 20 kuta zikabomolewa ili kupisha barabara, na mawe yakaanza kutoka na maandishi yake. Mwalimu mmoja wa shule, Wu Wenliang, somo lake lilikuwa baiolojia wala si historia, akaanza kuyanunua kwa mafundi mawe kabla hawajayachonga upya. Aliyajaza nyumbani kwake, na miaka ya 1950 akayatoa kwa taifa.

Ukitoka hapo, tembea Quanzhou ukiangalia misingi ya kuta na vizingiti vya milango. Si kila jiwe la zamani lina hadithi, lakini jicho litakuwa limeamka.

Lingshan

Kutoka makumbushoni chukua teksi fupi kwenda Lingshan, kilima kilicho mashariki yake. Kuna makaburi mawili ya mawe chini ya kibanda, nyuma yake ukuta wa nguzo umeyazunguka nusu duara. Simulizi ya mji inasema waliolala hapo ni wahubiri wawili wa Kiislamu waliofika mwanzoni mwa karne ya 7, wakati Mtume mwenyewe yu hai. Wanahistoria wanabishana juu ya tarehe hiyo, nawe usibishane na mzee wa pale. Jiwe la Kiarabu linaloeleza ukarabati wa makaburi ni la miaka ya 1320, na hilo halina ubishi.

Lakini jiwe ninalotaka ulitafute ni dogo, la Kichina, liko pembeni, na watu wengi wanalipita. Ni la mwaka 1417. Linasema mjumbe wa mfalme, Zheng He, akiwa njiani kwenda Hormuz na nchi nyingine, alifika hapa kufukiza ubani na kuomba baraka. Hiyo ilikuwa safari yake kubwa ya tano. Merikebu za safari hiyo ndizo zilizofika Mogadishu, Barawa na Malindi. Zheng He alizaliwa katika familia ya Kiislamu Yunnan, kwa hiyo kusimama kwake kwenye makaburi haya si jambo la ajabu. Mkenya akisimama mbele ya jiwe hili ana haki ya kupiga picha na kuituma kwenye kundi la familia.

Juu kidogo ya makaburi kuna jiwe kubwa la mviringo linalotikisika ukilisukuma kwa mkono. Watoto wa mji wote wamelisukuma. Sukuma nawe, halafu shuka, jua likiwa bado halijakuwa kali.

Mtaa wa Tumen: dini tatu kwa mwendo wa dakika kumi

Msikiti wa Qingjing uko barabarani kabisa, huwezi kuukosa, maana lango lake ni la jiwe, refu, na halifanani na kitu kingine chochote mtaani. Ulijengwa mwaka 1009, yaani 400 Hijria, na maandishi ya Kiarabu yaliyo ukutani yanasema ulikarabatiwa miaka mia tatu baadaye na Ahmad, mtu wa Shiraz. Sisi tulio pwani tuna watu wanaojiita Washirazi na misikiti yenye hadithi za Shirazi toka Lamu mpaka Kizimkazi, kwa hiyo jina hilo likisomwa hapa linagonga. Sisemi ni ndugu. Nasema bahari ilikuwa moja.

Tiketi ni yuan chache. Pita chini ya lango polepole, uangalie juu: kuna matao ndani ya matao, na kuba iliyochongwa mistari. Juu ya lango kuna baraza ya kuangaliwa mwezi mwandamo. Ukumbi mkubwa wa sala hauna paa, liliporomoka zamani na halikurudishwa. Zimebaki kuta za graniti, vitako vya nguzo, na mihrabu yenye aya za Qurani. Ukitaka kuelewa ukubwa wake simama katikati uelekee mihrabu. Kibla huku ni magharibi. Aliyezoea kuelekea kaskazini kama tunavyofanya Dar es Salaam huwa anageuka mara mbili kabla hajatulia.

Msikiti una ukumbi mwingine mpya unaosaliwa, uliojengwa kwa msaada wa Oman. Ijumaa mchana utawakuta Wahui, yaani Wachina Waislamu, wanafunzi wa Kiarabu, Wapakistani wa biashara, na mara nyingi Mwafrika mmoja au wawili wenye sampuli za raba kwenye mfuko. Ukitaka kusali, fika mapema. Dada zangu, mtandio ubebe kwenye begi toka asubuhi, usianze kuutafuta mlangoni. Kabla hujatoka omba uonyeshwe jiwe la mwaka 1407: ni amri ya mfalme Yongle kwamba Waislamu wasibughudhiwe.

Hatua chache tu kutoka msikitini ni hekalu la Guan Yue, ambalo moshi wake wa udi unakufikia ukiwa bado barabarani. Hili si la makumbusho. Watu wanakuja na shida zao: mtihani, mkopo, ugonjwa, mume. Wanadondosha vipande viwili vya mti vyenye umbo la nusu mwezi, na namna vinavyolala chini ndiyo jibu. Simama pembeni, usinyooshe simu usoni pa mtu anayeomba. Si mbali na hapo unafika hekalu la Confucius, pana na kimya, lenye bwawa mbele. Kwangu mimi ni mahali pa kupumzisha miguu tu.

Ofisi iliyoandika habari zetu

Jioni shuka kusini ya mji wa kale. Utaona hekalu la Tianhou, la Mazu, mlinzi wa mabaharia, lililoanza mwaka 1196, na mbele yake mashimo ya uchimbaji ya Lango la Deji. Kutoka hapo uliza Shibosi. Utafikishwa kwenye uchochoro, na penye uchochoro kuna uwanja wa akiolojia wenye matofali na mitaro ya mawe. Wageni wangu huniuliza, "Ndiyo hiki tulichokuja kukiona?" Ndiyo hiki.

Hapa ilikuwa ofisi ya forodha, iliyofunguliwa mwaka 1087. Kila chombo kilichoingia kilikaguliwa hapa na kutozwa ushuru, na serikali ilijichagulia bidhaa inazozitaka kabla ya wengine. Mmoja wa wakubwa wa ofisi hii alikuwa Zhao Rukuo. Mwaka 1225 aliandika maelezo ya nchi alizosikia habari zake kwa mabaharia na wafanyabiashara, na mojawapo aliiita Cengba, pwani ya Zanj, kwetu. Anasema watu wake ni wa dini ya Waarabu, wanajifunga nguo za pamba za buluu na wanavaa viatu vya ngozi nyekundu. Wanakula mikate na nyama ya kondoo. Bidhaa zao ni pembe za ndovu, dhahabu na ambari.

Viatu vya ngozi nyekundu! Mimi niliyetoka Kariakoo kuja kununua viatu Jinjiang, miaka mia nane baada ya bwana huyu kuandika kwamba sisi tunavyo. Nimewasimulia wakala wangu na mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda alicheka, akaniuliza kama wakati huo tulikuwa tunauza kwa jumla.

Siku ya pili: Kaiyuan na chombo

Sasa ndiyo uende Xijie, na uende alfajiri. Hekalu la Kaiyuan, lililoanzishwa mwaka 686, linafunguliwa asubuhi mapema na saa hiyo lina wazee wanaozunguka na njiwa wanaorandaranda. Kuingia ni bure. Pagoda mbili za jiwe zimesimama kushoto na kulia, ya mashariki na ya magharibi, ghorofa tano kila moja, urefu wa zaidi ya mita 40. Ya magharibi ilikamilika mwaka 1237, ya mashariki 1250. Mwaka 1604 tetemeko kubwa lilitikisa pwani hii yote, nazo zikabaki. Kila moja ina sanamu 80 za walinzi na watakatifu. Kwenye ya magharibi mtafute nyani mwenye upanga, wenyeji watakuonyesha kwa fahari.

Ukumbi mkuu una kitu ambacho watu wanaopiga picha za mbele hawakioni. Zunguka nyuma. Nguzo mbili za jiwe pale zimechongwa hadithi za Kihindu, na chini ya ukumbi, kwenye msingi wa baraza ya mbele, kuna safu ya viumbe wenye mwili wa simba na uso wa binadamu. Vimetoka kwenye hekalu la wale Watamil uliowaona makumbushoni jana. Kama ungeanzia hapa, ungedhani ni mapambo tu. Ndani angalia juu ya nguzo: wanawake wenye mabawa, 24, wameshika ala za muziki na wanabeba mbao za paa.

Ndani ya uzio huohuo, upande wa mashariki, kuna jengo la chombo cha Houzhu. Usikose. Ni mabaki ya merikebu iliyofukuliwa kwenye tope la bandari mwaka 1974, urefu wa mita 24 uliobaki, iliyozama miaka ya 1270. Mtu aliyewahi kuona jahazi likiundwa atapata kazi hapa: mkuku wa vipande, mbao zilizopandishwa tabaka juu ya tabaka, misumari ya chuma, kalafati ya katani, chokaa na mafuta ya mti. Ndani imegawanywa vyumba 13 kwa kuta zisizopitisha maji, kiasi kwamba chumba kimoja kikitoboka chombo hakizami. Kwenye maungio ya mkuku fundi alitoboa vitundu saba akaweka sarafu, na kimoja kikubwa akaweka kioo cha shaba: nyota saba na mwezi, kinga ya safarini. Shehena waliyoikuta ni mbao za manukato, pilipili manga, ubani, ambari, kauri, magamba ya kasa. Soma orodha hiyo taratibu. Nusu yake bado inauzwa Darajani.

Kuanzia saa tatu asubuhi Xijie inajaa. Ipite, fika mnara wa saa kwenye njia panda, mweupe, wa mwaka 1934, kisha ingia Mtaa wa Zhongshan wenye baraza zilizofunikwa, ghorofa juu na njia ya miguu chini, ili mvua na jua visimguse mnunuzi. Vichochoroni utasikia nanyin, muziki wa hapa wa zumari na kinanda cha nyuzi, unaokwenda polepole mno mpaka ukidhani wamesahau noti inayofuata. Wazee wanapiga kwa ajili yao wenyewe. Kaa, utapewa chai.

Chakula, kwa Mwislamu na asiye Mwislamu

Chakula maarufu cha asubuhi ni mianxianhu, tambi nyembamba kama uzi zilizopikwa mpaka zikawa uji, halafu unachagua cha kutia. Vingi vya kutia ni vya nguruwe, na mchuzi mara nyingi pia. Asiye na shida na nguruwe ale, ni chakula kizuri. Mwenye shida atafute maandishi 清真, yaani halali, mlangoni. Yahifadhi kwenye simu. Migahawa ya tambi za kuvutwa za watu wa kaskazini-magharibi iko kila mahali na sahani yake ya nyama ya ng'ombe inashibisha. Kuona nyama ya ng'ombe kwenye picha hakutoshi: Quanzhou wanapenda mchuzi wa ng'ombe, lakini maduka mengi ya hiyo si halali.

Chaza za kukaanga na mayai na unga wa wanga ni tamu, uliza mafuta. Vitamu viko salama: supu ya karanga, na shihuagao, jeli inayochemshwa kutoka mwani na kuwekewa asali na matunda. Mpemba aliyelima mwani kwa kilo miaka yote bila kuuonja ataishangaa. Kuna pia tusundong, jeli yenye viumbe vya tope ndani yake, vinavyofukuliwa ufukweni maji yakitoka. Sisi tungevitia kwenye ndoana. Wao wanavila kwa siki na kitunguu saumu. Nimekataa, na sitaomba radhi.

Daraja, na wanawake wenye maua

Mchana angalia jedwali la maji kwenye simu, uende daraja la Luoyang maji yakiwa yamekupwa. Lilijengwa kati ya 1053 na 1059 chini ya gavana Cai Xiang, kwenye mdomo wa mto ambapo bahari inaingia kwa nguvu. Walimwaga mawe chini kote kwenye mstari wa daraja, wakasimamisha nguzo zenye ncha kama tezi na omo, halafu wakapanda chaza juu ya mawe. Chaza wakakua, wakayashika mawe pamoja. Maji yakiwa yamejaa huoni kitu; yakitoka unaona magamba yenyewe kwenye nguzo, na pembeni mikoko. Tembea mpaka ng'ambo, ni zaidi ya mita 700, na mawe ya njia yana mashimo, kwa hiyo viatu vya kisigino viache hotelini.

Jioni ni Xunpu, kijiji cha wavuvi ambako wanawake hufunga nywele kisogoni, wakachoma kijiti katikati na kuzungusha vishada vya maua. Siku hizi kila binti wa China anataka picha hiyo, na kijiji kimejaa maduka ya kukodisha nguo. Bei kubalianeni kabla hujakaa kitini, pamoja na idadi ya picha. Lakini ukitaka Xunpu yenyewe, nenda sokoni ambako mabibi wenye miaka sabini wanauza samaki wakiwa na maua yaleyale kichwani, na tazama kuta za nyumba za zamani zilizojengwa kwa magamba makubwa ya chaza. Wenyeji husimulia kwamba magamba hayo yalikuja kama farumi kwenye merikebu zilizorudi tupu kutoka mbali.

Ukibaki na muda

Nenda Jiuri, kilima kidogo magharibi ya mji. Kwenye majabali kuna maandishi ya maofisa waliopanda hapo kuombea upepo, 10 kati yake ni ya miaka ya 1174 hadi 1266. Majira ya baridi waliomba kaskazi ya kutoka, majira ya joto waliomba kusi ya kurudi. Mtu wa pwani hahitaji mkalimani wa jambo hilo.

Ukirudi Chendai kuchukua sampuli, mwambie dereva akupitishe kwenye jumba la ukoo wa Ding. Wao ni kizazi cha wafanyabiashara Waislamu waliokimbilia hapa mambo yalipoharibika Quanzhou. Wengi leo hawasali, lakini kwenye kuwatolea wahenga wao sadaka hawaweki nyama ya nguruwe. Na ndio watu wa viatu: Anta na chapa nyingine kubwa za raba zimetoka mikononi mwa kina Ding wa eneo hili. Anza maongezi ya bei kwa kuuliza habari za jumba hilo. Chai italetwa ile nzuri, Tieguanyin ya Anxi, na bei ya kwanza utakayotajiwa haitakuwa ile ya mgeni. Kilo ya chai hiyo nunua hapohapo kwa mtu wa kiwanda, siyo kituoni.